Fuvu Lililopita Mikono Mingi: Kisa cha Dk. Maitland katika Filamu ya The Skull (1965)

Msomi wa mambo ya uchawi anayeishi London anakutwa amekufa ndani ya nyumba yake, koo limeraruliwa, na polisi waliofika hapo hawana mtuhumiwa wa kumkamata. Muda mfupi kabla ya hapo, mchuuzi aliyekuwa akimuuzia vitu vya kale alikufa kwa namna ileile. Mwenye nyumba aliyempangisha mchuuzi huyo alianguka kutoka ghorofani akafa. Na rafiki wa msomi, mkusanyaji mwenzake mwenye cheo na mali, aliuawa kwa kupigwa na sanamu ya jiwe nyumbani kwake. Vifo hivyo vinne vinaunganishwa na kitu kimoja tu, nacho ni fuvu la kichwa cha mtu. Hicho ndicho kisa cha The Skull, filamu ya kutisha ya Uingereza iliyotoka mwaka 1965, ambamo Peter Cushing anaigiza kama msomi huyo, Dk. Christopher Maitland, na Christopher Lee kama rafiki yake, Sir Matthew Phillips.

Mazungumzo mengi kuhusu filamu hii huishia kwenye swali la iwapo fuvu lina pepo kweli au Maitland amerukwa na akili. Filamu yenyewe haifichi jibu lake: pepo yumo. Swali ninaloliona zito zaidi, na ambalo filamu inalijibu kwa vitendo vya wahusika kuliko kwa maneno yao, ni namna fuvu la Mfaransa aliyezikwa mwaka 1814 lilivyofika kwenye kabati la vioo la nyumba ya London, na kwa nini katika mikono yote liliyopitia hapakutokea hata mtu mmoja aliyelirudisha ardhini. Ili kulijibu inabidi kulifuata fuvu mkono kwa mkono, kama mpelelezi anavyofuata mali ya wizi, kwa sababu katika kila hatua ya safari yake fuvu hili ni mali ya wizi.

Filamu ilitengenezwa na Amicus, kampuni iliyoanzishwa na Wamarekani wawili, Milton Subotsky na Max Rosenberg, ambao walifanya kazi zao Uingereza katika studio za Shepperton, nje kidogo ya London. Washindani wao wakubwa, kampuni ya Hammer, walikuwa wamejijengea jina kwa hofu ya zama za kale, yenye makasri, magari ya farasi na mabwana wenye majoho. Amicus iliileta hofu kwenye London ya wakati wake, yenye simu, magari na polisi waliovaa makoti ya mvua. Subotsky mwenyewe aliandika muswada, akiutoa kwenye hadithi fupi ya Robert Bloch iliyochapishwa katika jarida la Weird Tales mwezi Septemba 1945; Bloch ndiye huyohuyo ambaye riwaya yake ya mwaka 1959, Psycho, ilimpa Alfred Hitchcock filamu yake mashuhuri. Uongozaji ulipewa Freddie Francis, ambaye kabla ya kuwa mwongozaji alikuwa mpigapicha wa sinema na alikwishatunukiwa Oscar kwa picha za Sons and Lovers ya mwaka 1960. Kwamba mwongozaji alikuwa mtu wa kamera kuliko mtu wa maneno ni jambo lililoamua sura ya filamu nzima, kama tutakavyoona.

Fuvu linalozungumziwa ni la Marquis de Sade, mwandishi wa Ufaransa aliyekaa kifungoni miaka mingi chini ya tawala tofauti kwa sababu ya matendo na maandishi yake ya ashiki na ukatili. Hapa historia ya kweli inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ni ya ajabu kuliko ile iliyobuniwa. Sade alifariki tarehe 2 Desemba 1814 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton, karibu na Paris. Katika wosia wake alikuwa ameagiza mwili wake usipasuliwe, azikwe bila sherehe yoyote katika kichaka cha shamba lake la Malmaison, karibu na Épernon, na juu ya kaburi zipandwe mbegu za mialoni ili alama ya kaburi ipotee kabisa. Karibu kila sehemu ya agizo hilo la mazishi ilipuuzwa. Alizikwa kwa ibada ya Kikristo katika makaburi ya Charenton, na miaka michache baadaye kaburi lilipofukuliwa, daktari kijana wa hospitali hiyo aitwaye Ramon alilichukua fuvu ili alichunguze.

Zama hizo frenolojia ilikuwa imeshika kasi Ulaya, yaani imani kwamba tabia za mtu zinasomeka kwenye vinundu na mabonde ya fuvu lake. Mtu angetarajia kwamba fuvu la Sade lingetoa ushahidi wa ukatili na tamaa zisizo na mipaka. Ramon alilipima, akaandika kwamba hakuona dalili yoyote ya ukatili wala ya tamaa iliyopindukia, na kwamba kwa kila hali fuvu hilo lilifanana na la mmojawapo wa mababa wa Kanisa. Baadaye Johann Spurzheim, mmoja wa waenezaji wakubwa wa frenolojia, aliliazima, akasafiri nalo, na halikurudi tena. Spurzheim alifariki Boston mwaka 1832, na fuvu la Sade halikuonekana tena. Kilichobaki ni nakala ya plasta iliyotengenezwa kutoka kwenye fuvu hilo. Fuvu la Spurzheim mwenyewe lilihifadhiwa na wanaanatomia wa Boston, na limo katika makumbusho ya anatomia ya Chuo Kikuu cha Harvard.

Bloch na Subotsky walijenga hadithi yao ndani ya pengo lililoachwa na upotevu huo. Kwamba fuvu lilipotea ni kweli. Kwamba aliyelichukua alikuwa mtu wa frenolojia ni kweli. Walichobadilisha ni tokeo la uchunguzi. Filamu inaanza na mtu wa frenolojia akifukua kaburi usiku, anakata kichwa, anakipeleka nyumbani na kukichemsha mpaka nyama imwachie mfupa, kisha anakufa kifo cha kutisha ambacho hatukioni. Kwa njia hiyo filamu inalipa fuvu ule ubaya ambao Ramon alishindwa kuuona. Ninaona hili ni hasara kubwa ya kifikra, kwa maana fuvu la kweli, ambalo lilikataa kutoa ushahidi dhidi ya mwenyewe, lina fundisho zito kuliko fuvu linalouma watu. Hata hivyo watunzi walilinda jambo moja muhimu, kwamba chanzo cha mlolongo wote ni mtu aliyejipa haki ya kufungua kaburi la mwingine kwa sababu alitaka kujua.

Tunapofika London ya miaka ya sitini, kutaka kujua huko kumekuwa biashara. Onyesho la kwanza la wakati huo ni mnada, Michael Gough akiwa mnadishaji. Zinauzwa sanamu nne za mawe za wakuu wa mashetani, na wanaoshindania ni Maitland na Phillips. Phillips anapandisha bei kupita thamani yoyote ya haki, na mnada unapokwisha hawezi kueleza kwa nini alizitaka kiasi hicho. Onyesho hili ni fupi, na mtazamaji anaweza kulidhania kuwa ni la kuwatambulisha wahusika tu, lakini limebeba kisa kizima. Tunawaona wanaume wawili wenye elimu na adabu wakigombea picha za uovu kwa utulivu uleule ambao wengine wangegombea vyombo vya chai, na mmoja wao tayari mkono wake unanyanyuka kwa amri isiyo yake.

Anayemletea Maitland vitu nyumbani ni Anthony Marco, aliyeigizwa na Patrick Wymark. Marco ni mchuuzi wa ujanja, anayekuja usiku na kifurushi mkononi na kucheka kabla ya kutaja bei. Kwanza anauza kitabu cha maisha ya Sade kilichojalidiwa kwa ngozi ya binadamu. Nalikaza onyesho hili kwa sababu hapa ndipo hatia ya Maitland inapoanza, mapema kabla ya fuvu kuingia nyumbani mwake. Anakipapasa kitabu, anaambiwa ni ngozi ya nini, na mshangao wake ni wa mtu aliyepata kitu adimu. Hamwulizi Marco ngozi hiyo ilikuwa ya nani. Hamwulizi pia amekipata wapi, ingawa anafahamu vyema kwamba Marco si mtu wa njia zilizonyooka. Pesa zinatoka, kitabu kinabaki. Cushing anaigiza haya yote kwa upole wa mwalimu mzee, bila uchu wala pupa, na upole huo unatisha kuliko pupa yoyote, kwa kuwa unaonyesha mtu ambaye zoea limemfuta swali la kwanza ambalo dhamiri ingeuliza.

Marco anaporudi na fuvu, Maitland anasita. Anasita kwa sababu ya bei na kwa sababu ya shaka kama fuvu ni lenyewe. Suala la kwamba mbele yake, juu ya meza, kimewekwa kichwa cha marehemu halijitokezi. Anaamua kwenda kwa Phillips kuomba ushauri wa mtaalamu mwenzake. Mazungumzo yao, wakiwa kwenye meza ya biliadi, ndiyo kiini cha kisa.

Phillips anamwambia kwamba fuvu ni la kweli, na analijua kwa sababu lilikuwa lake na limeibwa kwake. Maitland, kama rafiki mwema, anakuwa tayari kusaidia lirudishwe. Phillips anakataa. Anasema amefurahi limeondoka. Anaeleza kwamba kwa maoni yake Sade hakuwa mwendawazimu bali alipagawa, kwamba kilichompagaa bado kimo ndani ya mfupa, na kwamba usiku wa mwezi mwandamo fuvu linatumika katika ibada za viumbe wasioonekana, ambao humvuta aliye karibu awatumikie. Hata zile sanamu za mnadani, anaeleza, hakuzinunua kwa matakwa yake. Anamsihi Maitland asiliguse.

Watazamaji walimzoea Lee kama adui wa Cushing, tangu filamu za Frankenstein na Dracula walizofanya pamoja kwa Hammer mwaka 1957 na 1958. Hapa amepewa nafasi ya mtu wa busara, anayesema kweli na kuogopa kwa haki, na anaifanya kazi hiyo kwa uzito unaomfanya mtu amwamini papo hapo. Lakini nadhani filamu inatualika tumwamini bila kumsamehe. Phillips ndiye mtu pekee aliyekuwa na maarifa kamili na nguvu ya kisheria juu ya fuvu. Alijua ni la nani. Alijua linafanya nini. Alikuwa na mali ya kutosha kulipeleka Ufaransa na kulizika mahali popote alipotaka. Badala ya kufanya hivyo alilishika mpaka mwizi alipomtua mzigo, kisha akauita wizi huo wokovu. Anapokataa kulidai, analiacha bila mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe mbele ya mkusanyaji kinakuwa halali. Onyo lake, kwa hiyo, lina kasoro ileile ya maonyo mengi ya watu waungwana: linamkinga msemaji na kumwachia msikilizaji tamaa yake.

Kisha linakuja onyesho la jinamizi, ambalo limesifiwa sana na kwa haki. Watu wawili wanaojiita polisi wanamchukua Maitland nyumbani kwake bila kumweleza kosa lake. Wanampeleka mbele ya hakimu asiyesema kitu. Anapewa bastola yenye risasi moja, silinda inazungushwa, na anaamriwa kuielekeza kichwani mwake na kufyatua. Anafanya hivyo mara moja, ya pili, ya tatu. Hakuna muziki wa kumsaidia mtazamaji. Kamera inaukazia macho uso wa Cushing, jasho na mdomo unaotetemeka, na kila bastola inapolia tupu mtu anajikuta ameacha kupumua. Baada ya hapo anapitishwa kwenye korido na chumba chenye hewa ya sumu, na anapozinduka yuko kwenye jengo analokaa Marco. Filamu haielezi jinamizi hili, nami nashukuru haikueleza. Kwa mtu anayekifuata kisa kama kesi, hata hivyo, umbo lake liko wazi: Maitland anakamatwa, anafikishwa mbele ya hakimu na anahukumiwa kabla hajafanya kosa lolote ambalo polisi wa kweli wangeweza kumshitaki kwalo. Hukumu inatangulia, kisha makosa yanafuata moja baada ya jingine.

La kwanza linafanyika chumbani kwa Marco. Maitland anamkuta mchuuzi amekufa, koo limeraruliwa, na fuvu liko palepale. Analificha kwanza, kisha ndipo anawaita polisi. Mpangilio huo wa vitendo ni wa makusudi na ni ungamo kamili. Inspekta Wilson, aliyeigizwa na Nigel Green, anahoji kwa utaratibu wa kazi yake, na Maitland, mtu ambaye huenda hajawahi kumdanganya askari maishani, anadanganya bila kigugumizi. Anaporudi kulichukua fuvu, mwenye nyumba anamfuma na kujaribu kumtoza pesa ili anyamaze. Wanasukumana, mwenye nyumba anaanguka, anapasua vioo vya rangi njiani, na anafikia chini akiwa maiti. Mpaka hapa Maitland hajafanya lolote linalohitaji pepo. Kuficha ushahidi, kuiba kwa marehemu na kusababisha kifo wakati wa wizi ni makosa ya binadamu mwenye akili zake, na ubora mkubwa wa filamu ni kwamba inamfikisha shujaa wake kwenye damu ya mtu kwa hatua ambazo kila moja tunaielewa.

Baada ya fuvu kuwekwa kabatini nyumbani kwa Maitland, maneno yanakauka. Muswada wa Subotsky haukuwa na mazungumzo ya kutosha kujaza sehemu ya mwisho, na Francis akaijaza kwa kile alichokijua kuliko wote waliokuwa studio, yaani mwanga, rangi na mwendo wa kamera. Matokeo yake ni takriban theluthi moja ya filamu ya dakika 83 ambayo karibu haina usemi. Tunamwona Maitland akikaa, akisoma, akiinuka, akitazama kabati, na mara kwa mara tunahamishwa kwenda upande wa pili: tunatazama kutoka ndani ya fuvu, kupitia matundu ya macho, tukimwona msomi akikua na kunywea katika mwanga wa ajabu. Ili kulipata jicho hilo, fuvu kubwa la bandia liliwekwa mbele ya lenzi, na Francis aliishika kamera mwenyewe akiwa amevaa viatu vya magurudumu, akiteleza nayo sakafuni ili fuvu lionekane linaelea. Mbinu hiyo ni rahisi, lakini ndani yake mna wazo ambalo muswada haukulisema popote. Mkusanyaji ni mtu aliyezoea kutazama. Vitu vyake vimekaa kabatini vikimsubiri avitupie jicho. Kamera inapohamia ndani ya mfupa, mkusanyaji ndiye anayekuwa kitu kilichowekwa chumbani ili kitazamwe, miongoni mwa vinyago na silaha alizozipanga kwa mikono yake.

Muziki wa Elisabeth Lutyens unastahili kutajwa hapa, kwani bila usemi ndio unaobeba onyo. Lutyens, binti wa msanifu majengo Edwin Lutyens aliyechora jiji la New Delhi, alikuwa miongoni mwa Waingereza wa kwanza kutunga kwa mfumo wa noti kumi na mbili, ambao huzipa noti zote uzito sawa, na alitunga muziki wa filamu za kutisha ili apate riziki. Alichoandika hapa kina ncha na ukavu, hakimbembelezi mtazamaji, na kinakwenda sambamba na mwendo wa fuvu kana kwamba muziki na mfupa vinapumua kwa pumzi moja.

Usiku wa mwezi mwandamo Maitland anakwenda kwa Phillips kuchukua sanamu, na rafiki anapomkuta, anamuua kwa sanamu hiyohiyo. Hivyo kile kilichonunuliwa mnadani kwa mkono usio na hiari kinamwua mnunuzi wake. Anarudi nyumbani, na amri inayofuata ni kumuua mkewe, Jane, aliyeigizwa na Jill Bennett, ambaye amelala. Kisu kiko mkononi, lakini msalaba mdogo alio nao Jane unamzuia. Maitland anajaribu kuasi, na kwa uasi huo analipa uhai wake. Asubuhi anakutwa kama alivyokutwa Marco.

Sehemu hii ya mwisho ina udhaifu ambao siwezi kuupita kimya. Fuvu linapoelea hewani, mtazamaji makini ataona nyuzi zinazolishika. Jane hakupewa nafasi ya kuwa mtu mwenye kauli katika nyumba yake mwenyewe. Na msalaba umeingizwa kwa haraka, kama kinga iliyokopwa kutoka filamu za Dracula, ilhali kisa hiki hakikuwa cha vita kati ya Kanisa na Shetani. Kilikuwa cha kaburi lililofunguliwa. Kama pepo angeshindwa na chochote, ningetaka ashindwe na koleo na udongo, kwa maana katika filamu nzima hakuna mhusika anayechukua hatua ya kulizika fuvu. Wanalinunua, wanaliiba, wanalificha, wanalichoma kisu, wanalikimbia. Hata Phillips, anayejua kwamba ndani yake mna roho ya balaa, anamshauri rafiki yake ajiepushe nalo tu. Kwa wote hao fuvu ni hatari, au ni hazina, au ni ushahidi. Halijawahi kuwa marehemu.

Msomaji wa Tanzania anapofika hapa hawezi kuacha kumkumbuka Mkwawa, na ukumbusho huo una uhusiano wa kweli na kisa. Mtwa huyo, yaani mtawala, wa Wahehe alijiua tarehe 19 Julai 1898 asije akakamatwa na Wajerumani. Kichwa chake kilikatwa na fuvu likapelekwa Ujerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ilirudishe, lakini miaka ilipita hata Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alipokwenda mwenyewe kwenye makumbusho ya Bremen mwaka 1953 na kulichagua kutoka kwenye mkusanyiko mkubwa wa mafuvu, akitumia vipimo vilivyolinganishwa na vya ndugu walio hai wa Mkwawa. Tarehe 19 Juni 1954 alilikabidhi kwa Mtwa Adam Sapi Mkwawa huko Kalenga, Iringa. Filamu ya Amicus ilitoka miaka 11 baadaye. Sina haja ya kudai kwamba watengenezaji walimfikiria Mkwawa. Nina haja ya kusema kwamba watazamaji wao waliishi katika bara ambalo makumbusho zake zilikuwa zimejaa mafuvu ya watu wa nchi nyingine, yaliyopimwa kwa vyombo vilevile vilivyotokana na imani ileile ya Ramon na Spurzheim kwamba mfupa utasema siri ya mtu. Huko Berlin pekee, watafiti walichunguza asili ya mafuvu zaidi ya 1,100 yaliyotoka Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, mengi yakiwa ya Rwanda.

Tofauti kati ya kisa cha Iringa na kisa cha London ni kwamba fuvu la Mkwawa lilikuwa na wenyewe. Wahehe hawakuacha kulidai, na walijua jina la waliyekuwa wakimdai. Fuvu la filamu lina jina mashuhuri lakini halina ndugu. Jina lake linatajwa ili kupandisha bei. Kwa sababu hiyo siamini kwamba hofu ya filamu hii inatoka kwenye meno ya fuvu. Inatoka kwenye ile starehe ya chumba cha Maitland, taa zake laini, vitabu vyake na kinywaji mezani, mahali ambapo kichwa cha mtu kinaweza kuwekwa rafuni na mwenye nyumba akajiona ni mwanachuoni.

Waliosimama hatimaye kama ndugu walitokea nje ya filamu. Ilipopelekwa Ufaransa, kwa jina lililomtaja Marquis de Sade waziwazi, wazao wa ukoo wake walipinga, na jina likabadilishwa kuwa Le Crâne maléfique, ambalo halimtaji mtu yeyote. Ukoo ulifanikiwa kulitoa jina la babu yao kwenye tangazo la sinema; fuvu lake la kweli, lililotoka mikononi mwa Ramon na kuchukuliwa na Spurzheim, halijapatikana hadi leo.